Kinyago cha Filamu kutoka Bagamoyo: Kabla Hujakiweka Sokoni Ughaibuni

Mteja wa Leicester au Minneapolis anakutumia picha ya simba wa katuni kwa WhatsApp, anamtaka wa mninga, wa kuweka sebuleni. Unaipeleka picha kwa fundi wako Bagamoyo. "Hiyo ndogo, kaka, nipe wiki." Kwake kweli ni ndogo. Msala ukitokea ni wako, maana duka la mtandaoni lina jina lako na akaunti yako ya benki.

Kwenye magrupu yetu utaambiwa ukibadilisha asilimia 30 umepona, au kwamba kazi ya mkono haihesabiki. Hakuna sheria hiyo. Mhusika wa filamu analindwa hata akichongwa kwenye mti, akidariziwa kwenye mkoba au akigeuzwa hereni.

Kisicho na mwenyewe ni wazo. Simba ni simba, lakini yule mwenye uso ule na kovu pale pale ana kampuni nyuma yake. Mwambie fundi aweke simu pembeni achonge simba wa Saadani.

Wengi huponzwa na maneno kuliko umbo. Ukitia jina la filamu kwenye kichwa cha bidhaa ili wanunuzi wakuone, umeingia kwenye alama za biashara, yaani majina na maneno ambayo kampuni inayamiliki kwa kuuzia bidhaa zake. Disney, wenye filamu ya The Lion King, waliomba mwaka 1994 kusajili "Hakuna Matata" kwa ajili ya fulana, na Marekani ikawasajili mwaka 2003. (Bagamoyo kwenyewe utayasikia kwa watembeza watalii kuliko kwa bibi yako, lakini hilo halikusaidii.) Kuyasema hukatazwi, kuyachapa kwenye fulana za kuuza Marekani ndiko kunakoweza kukuletea barua ya mwanasheria.

Wenye filamu wakilalamika kwamba umenakili kazi yao, mtandao unaouzia huiondoa bidhaa yako kwanza; ndivyo sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, ilivyopangwa. Unaweza kupinga, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani, bidhaa hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Lakini pingamizi hilo ni kiapo. Kama unajua ulinakili, usilitie saini. Mahakama za huko zinaweza kutoza dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa, na hadi 150,000 kama ulifanya makusudi.

Katuni za zamani nazo? Mickey Mouse wa mwaka 1928, yule panya wa Disney, hakimiliki yake iliisha Marekani tarehe 1 Januari 2024. Huyo ni yule wa rangi nyeusi na nyeupe tu, na jina bado ni alama ya biashara.

Mimi ningeacha filamu kabisa. Wabunifu wa sinema wanapotaka taji au mkufu "wa Kiafrika", huja kuchota kwetu, nawe unaweza kuchota hapo hapo. Tembea Mji Mkongwe utazame milango ya kuchonga: mnyororo unaozunguka ukingoni, yungiyungi, misumari ya shaba. Nakshi ile ikihamia kwenye kisanduku cha vito au fremu ya kioo, hakuna wa kukuandikia barua.

Ila fundi akibuni mchoro mpya, mwulize mapema nani atakuwa na haki nao na yeye atapata nini kila ukiuza, kisha muandikiane, hata kwa ujumbe wa simu. Akitaka kuusajili, COSOTA ndiyo ofisi ya hakimiliki Tanzania Bara.