SOMO: Kuandaa kongamano la mashabiki wa bendi ya rock, mfano Queen, tulivyofanya sisi huku Uingereza

Habari zenu wakuu. Niliahidi hili somo muda mrefu, leo nina off na mvua inanyesha huku Leicester kwahiyo acha niliandike lote nilimalize. Mimi ni Mtanzania, Queen nimeanza kuisikiliza kwenye kaseti ya mjomba, na nimeshashiriki kuandaa makongamano matatu madogo ya siku moja. Madogo kweli, watu 70 mpaka 90, sio lile la klabu rasmi ambalo watu wanajifungia wikiendi nzima kwenye vijumba vya likizo huko pwani.

Kabla ya yote shika hili, kongamano sio konsati. Mwaka wa kwanza mimi sikulijua. Nikachukua zaidi ya nusu ya hela nikalipa bendi ya kopi, wale wanaoiga Queen, yule mwimbaji kavaa koti la njano kama la Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, pale uwanja wa Wembley 1986, sharubu kabandika, nikawapa saa 9 mpaka saa 11 jioni, wakafungulia saundi mpaka vikombe vinatetemeka mezani. Nikahesabu watu waliosimama mbele ya jukwaa, 11. Wengine wote wako koridoni! Nikatoka kuangalia kuna nini, nikakuta mzee mmoja kakaa kwenye kiti cha plastiki na boksi la viatu mapajani, ndani vipande vya tiketi tangu miaka ya 70, kila kimoja kakifunga kwenye nailoni yake. Kashika cha konsati ya Knebworth, hukuhuku Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986, ile shoo ya mwisho Freddie kupiga na wenzake, anamuonyesha binti wa miaka kama 16 aliyeijua bendi kwenye sinema. Binti anakigusa kwa ncha ya kidole kama anagusa yai. Watu wamewazunguka, chai imepoa, hakuna anayejali bendi yangu ya pauni 900. Tangu siku hiyo ratiba naipanga kwa ajili ya yule mzee.

Haya twende.

HATUA YA 1, kamati. Hapa sisi Wabongo tuna faida, kila mtu ameshakaa kamati ya harusi. Watu watano wanatosha, lakini mweka hazina awe mtu asiyeona aibu kudai. Na kama kwenye harusi tu, ahadi sio hela. Mwaka wa kwanza watu zaidi ya 60 waliandika "nipo" kwenye grupu, mpaka wiki mbili kabla waliolipa 23. Sasa hivi sihesabu mtu mpaka nimeona muamala.

HATUA YA 2, tarehe. Usikimbilie tarehe 5 Septemba kwa vile ni birthday ya Freddie, maana siku hizohizo kuna shughuli kubwa ya kumkumbuka kule Montreux, Uswisi, kwenye lile sanamu lake pembeni ya ziwa, na wale mashabiki wa damu wote wako huko. Tarehe 24 Novemba, siku aliyofariki 1991, nayo mimi siipendi, watu wanakuja na huzuni na ukumbi unakuwa kama matanga. Sisi tunafanya Oktoba, Jumamosi, na tunaangalia kwanza kama treni zinafanya kazi wikiendi hiyo. Cheka tu, ukikaa huku utanielewa.

HATUA YA 3, ukumbi na vibali. Tafuta ukumbi wa jamii au chumba cha shughuli cha hoteli, uwe na VYUMBA VIWILI, kimoja cha kelele na kimoja cha maongezi, na mlango katikati unaofungika. Hii ndo pesa yako inapotakiwa kwenda. Muulize mwenye ukumbi maswali manne: ana leseni ya kupiga muziki hadharani? ana leseni ya pombe? bima yake inakulinda wewe au ukate yako? kianzio kinarudi ukiahirisha? Majibu yawe kwa maandishi, maana mimi nilishapewa jibu la mdomo likaja kunigeuka. Kama hana leseni ya pombe au burudani, unaomba kibali cha muda halmashauri, pauni 21, mwisho watu 499 ukihesabu na wahudumu, na taarifa ifike siku 10 za kazi kabla, siku ya kupokelewa na siku ya shughuli zenyewe hazihesabiwi. Ukichelewa hapo utapata taabu. Na kuonyesha video ya konsati mbele ya watu kunahitaji ruhusa yake, eti DVD umeinunua mwenyewe hiyo sio ruhusa.

HATUA YA 4, jina na nembo. Usichukue ile nembo ya Queen ukabandika kwenye tisheti ukauza, ina wenyewe. Tuchoreeni vya kwetu. Ila kuizungumzia ruksa na kipindi chake huwa kitamu: Freddie aliichora mwenyewe kwa nyota za kuzaliwa za wenzake na yake, simba wawili ni Roger Taylor na John Deacon, kaa ni Brian May, na wale vibinti wawili wenye mabawa ni yeye, nyota ya Mashuke (Virgo). Mwaka jana hilo lilikuwa swali la chemsha bongo, meza nzima ya wazungu ikakosa.

HATUA YA 5, ratiba. Asubuhi meza za wauzaji wa santuri, magazeti ya zamani na beji, meza moja pauni 10. Mchana chakula, saa nzima na nusu, usibane. Halafu chemsha bongo, halafu mnada, halafu karaoke, bendi mwishooo baada ya watu kushiba maongezi, na iwe dakika 60 basi. Kila kitu acha dakika 20 za kuchelewa katikati. Na weka meza ndefu moja isiyo na kazi, iandike "leta ulichonacho uonyeshe". Haina gharama na ndo inayojaa kuliko zote.

HATUA YA 6, siku yenyewe. Nyaya za akiba, betri za maiki, chenji, mtu mmoja mlangoni mwenye sura ya ukarimu, plasta na panadol. Vitambulisho vya shingoni viandikwe jina kwa herufi kubwa na chini yake wimbo anaoupenda, maana watu wenye aibu huanzia hapo kuongea.

Nimemaliza, ulizeni.

MASWALI

Mdau_Reading: Mkuu shukrani. Bei ya tiketi unaipataje? Mimi huwa nakisia tu.

Usikisie kaka. Chukua ya kwetu ya mara ya mwisho: ukumbi 380, saundi na fundi wake 180, bendi 550 (tulibembeleza), bima 70, kuchapa 60, akiba 160. Jumla pauni 1,400. Ukumbi unachukua 120 lakini nikagawa kwa 70, ikatoka 20 kwa kichwa. Gawa kwa watu unaowahofia kuwa ndo watakaokuja, sio unaowaota.

Bi_Ukaya: Naomba kuuliza, mwanabendi mwenyewe anaweza kualikwa akaja?

Dada yangu, barua andika kwa meneja wake, kistaarabu, halafu usahau. Usitangaze jina la mtu ambaye hajakubali kwa maandishi. John Deacon ndo kabisaaa, alishajitoa kwenye muziki tangu miaka ya 90, muacheni apumzike. Lakini bahati zipo. Mark Lapidos alikuwa meneja wa duka la santuri huko Marekani, mwaka 1974 akaenda mpaka mlangoni kwa John Lennon hotelini, akamwambia nataka kukusanya mashabiki wa Beatles, Lennon akafurahia wazo, na Septemba hiyohiyo kongamano likafanyika. Na bendi ya Kiss mwaka 1995 walizunguka Marekani na makongamano yao wenyewe, wanapiga bila magitaa ya umeme na kujibu maswali, mpaka mpiga ngoma wao Peter Criss aliyekuwa ameshaondoka akapanda akaimba nao, na mwaka uliofuata wale wanne wa mwanzo wakarudi pamoja.

Mzenji77: Hivi kwanini msilete Unguja? Mtu kazaliwa kwetu, nyinyi mnahangaika na Leicester.

Hapo umenigusa ndugu yangu. Kila mwaka wazungu wakisikia natoka Tanzania wananizunguka, Zanzibar kukoje, nyumba ipo, na mimi wa Morogoro nawajibu kama nimekulia mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe. Freddie kazaliwa Unguja 1946, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi, ikaja kuishi Feltham, London. Makumbusho yake yapo hapo Mji Mkongwe tangu 2019, kwahiyo pa kuanzia papo. Lakini kumbuka 2006, sherehe ya ufukweni ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kuipinga. Kwahiyo sio suala la ukumbi tu. Mimi ningeanza na kitu cha mchana, watu 30, matembezi ya Mji Mkongwe na mazungumzo, bila pombe bila jukwaa, kibali kwa baraza la sanaa kwanza, na wazee wa mtaa waambiwe mapema wasije kusikia kwa spika.

Mama_Watwins: Watoto wanaruhusiwa? Na chakula halali je, maana hapo huwa tunabaki kula chips.

Watoto ndio, bure chini ya miaka 12 lakini mzazi awe naye, na plagi za masikio tunagawa mlangoni. Chakula mwaka jana alipika shemeji yangu, pilau la kuku halali na kachumbari, wale wazee wa Queen walirudia sahani mbili mbili na mmoja kaniomba resipi kuliko alivyoniuliza habari za bendi.

Mdau_Reading: Mkuu hiyo karatasi ya bajeti unaweza kuitupia hapa?

Ina namba za simu za watu, njoo inbox nikutumie nikishazifuta.