Kutunga utenzi wa dua: anza na kina cha bahari

Kabla ya ubeti wa kwanza, chagua kina cha bahari, yaani sauti inayomalizia kipande (mstari) cha nne cha kila ubeti, maana hakibadiliki hadi mwisho. Beti 40 zinadai maneno 40. Kina cha "-ia" kina hazina kubwa (sikia, ingia, nijalia). Kina cha "-fu" kitakukwamisha mapema.

Kila kipande kina mizani (silabi) 8, hesabu kwa vidole. "Ninakuomba Mola wangu" ina 9. "Nakuomba Mola wangu" imetimia. Kumbuka "mtu" ni mizani mbili, na "mbuzi" vilevile mbili.

Kipande kikipungua, usijazie "sana" au "kweli": dua hulegea hapo hapo. Itafute sifa nyingine ya Mungu inayotosha nafasi. Mara nyingi kina ndicho kinachokuonyesha ombi ambalo hukuwa umeliwaza, basi lifuate.