Kofia Ikianza Kumbana Mtu Mzima

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu, na daftari langu la vipimo ndilo lililonishtua. Mwaka wa 2017 nilimshonea kaka yangu kofia ya kwaya: kichwa inchi 23. Mwaka wa 2023 kofia ile ile ikakataa kuingia. Nikazungusha futi mara mbili, ikasoma 24 na robo. Kichwa cha mtu wa miaka 38 hakikui hivihivi.

Ugonjwa wake unaitwa akromegali. Ukishuku mtu wako anao, tafuta picha zake za zamani, hata ya kitambulisho, uzipange kwa miaka. Tazama mfupa wa juu ya nyusi: umetokeza? Taya la chini limesogea mbele? Mwambie acheke, uone kama meno yameachana. Muulize habari za pete na viatu. Kaka ni mwanaboda; alikuwa ameshabadilisha helmeti mara mbili na hakutuambia.

Kwa kawaida chanzo ni uvimbe usio saratani kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mtoto hurefuka mno. Mtu mzima harefuki tena, ila mifupa ya fuvu, mikono na miguu hunenepa, na nyama za pua na koo huvimba. Ndiyo maana wengi hukoroma.

Ugonjwa huu huweza pia kupunguza kusikia, kwa hiyo masikio nayo yapime. Simama nyuma yake hatua tatu, azibe sikio moja kwa kidole, kisha useme kwa sauti ya chini, “Lete nyanya za hamsini.” Kaka alijibu, “Nyama?” Zahanati moja ilikuwa imemtoa nta na kumpa matone, bila kumtazama uso. Inaniuma mpaka leo.

Mwombe daktari kipimo cha damu cha IGF-1, kinachoonyesha kama homoni ya ukuaji imezidi. Kikiwa juu, mgonjwa hunyweshwa glukosi gramu 75 ili waone kama homoni inashuka inavyotakiwa, halafu hupigwa picha ya MRI. Akilalamika kwamba haoni vizuri pembeni, usingoje: uvimbe huweza kuwa unabana mishipa ya macho. Beba zile picha. Daktari wetu alizitandaza mezani kabla ya kuandika chochote.

Kaka alipasuliwa kupitia puani. Vidole vimepungua, pete imeingia. Kofia nimemshonea nyingine, inchi 24 na robo, kwa sababu mfupa uliokwisha kunenepa haurudi.