Geji ya mafuta ya MGB inapodanganya: pima kabla ya kununua

Mshale unasema robo tangi, gari linazimika barabarani kwa kukosa petroli. Wengi wakifikia hapo wanaagiza senda mpya, kile kifaa kinachopima petroli tangini na kuipa geji habari. Subiri kwanza. Senda ya MGB inakaa tangini, kuitoa ni kazi ya kulala uvunguni na kunusa petroli, na mara nyingi haina kosa lolote. Tutaanzia kwenye dashibodi, turudi nyuma taratibu.

MGB, gari dogo la michezo, ilitoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na geji zake ni za Smiths. Fungua swichi bila kupiga stata uangalie mshale. Ukiruka papo hapo, una geji ya miaka ya mwanzo inayotumia umeme wa betri moja kwa moja. Ukipanda kwa kujivuta, ni ya bimetali: ndani kuna ukanda wa metali mbili unaopashwa moto hadi unajikunja na kusukuma mshale. Somo hili ni la hiyo ya pili. Inataka volti 10, na anayezitoa ni stabilaiza.

Hatua ya 1: Stabilaiza

Ni kiboksi kidogo cha bati nyuma ya dashibodi. Waya wa kijani unaleta umeme, wa kijani hafifu unaupeleka kwenye geji. Ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi) inapita kwenye bati lenyewe na skrubu iliyolishika, kwa hiyo kutu kidogo tu au rangi iliyopulizwa ovyo inatosha kuiharibu. Ethi ikikosekana, stabilaiza haikati tena, volti 12 zinapita zote, na mshale unasoma juu kuliko ukweli. Fungua skrubu, piga msasa bati na mahali linapokaa, rudisha kama lilivyokuwa, bila kugeuza juu chini.

Kama gari lako lina geji ya joto ya umeme na geji zote mbili zinasoma juu, usihangaike na tangi. Mkosaji ni stabilaiza.

Hatua ya 2: Waya na geji

Nenda nyuma. Senda iko ubavu wa kulia wa tangi. Ukiwa umefunga swichi, chomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi. Fungua swichi: mshale ushuke chini kabisa. Usiposhuka, waya umechunika mahali na unagusa bodi.

Funga swichi tena, kisha unganisha waya huo kwenye ethi safi kupitia rezista, kijipande kinachobana umeme kwa kiasi kinachopimwa kwa omu. Ya omu 22 ilete mshale karibu na kujaa, ya 68 karibu na nusu, ya 270 karibu na chini. Kila mara mpe mshale dakika nzima utulie. Kuna mafundi wanaougusisha waya kwenye bodi moja kwa moja. Mshale utapanda kweli, lakini ukiuacha hivyo unaweza kuunguza geji. Rezista ni bei ya chai, zinunue.

Mshale ukitii, geji na waya ni vizima. Usipotii, rudia kipimo hicho nyuma ya geji yenyewe ujue kama waya umekatika njiani.

Hatua ya 3: Ethi ya senda

Weka multimita (kipima umeme), ikiwa kwenye omu, kati ya bati la senda na chuma safi cha bodi. Isome karibu na sifuri. Kila omu inayoongezeka hapa inashusha mshale, na dereva anadhani petroli inavuja.

Hatua ya 4: Kutoa senda

Hapa ndipo pa hatari. Nje ya karakana, betri imechomolewa, tangi limemwagwa, hakuna sigara wala taa ya waya. Inua upande wa kulia na uweke stendi imara, petroli iliyobaki ikimbilie kushoto. Pete inayoshika senda inazungushwa kinyume cha saa kwa kugongwa taratibu kwenye masikio yake. Tumia kipande cha shaba nyeupe, kisitoe cheche.

Pima senda mkononi. Mkono wake wenye floti (boya) ukiwa chini isome takriban omu 250, ukiwa juu takriban 20, na katikati ishuke bila kurukaruka. Ikiruka, waya wa ndani umelika, badilisha. Kisha tikisa floti karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka na inazama. Ndiyo maana mshale hauondoki chini hata ukijaza.

Hatua ya 5: Kusawazisha

Nyuma ya geji kuna matundu mawili yenye vizibo vidogo: moja la chini, moja la kujaa. Sahihisha la chini kwanza. Kujaa hata kukikosea kidogo hakumlazi mtu njiani. Weka lita 5 tangini, gari liwe tambarare, usubiri, kisha sogeza mshale hadi chini kabisa kwa bisibisi nyembamba.

Maswali ya wanachama

*Fundi, multimita yangu ya dijitali kwenye stabilaiza inaonyesha 12, mara sifuri, mara 12. Imekufa?*
Hapana, iko kazini. Ile ya kiwandani inawasha na kukata, wastani ndio 10. Ikibaki 12 bila kukata, ndipo uilaumu.

*Mkuu, nimefunga senda mpya, sasa nikijaza mshale unaishia robo tatu.*
Irudie hatua ya 2. Geji ikiwa sawa, mkono wa senda mpya haufiki juu. Upinde kidogo, mara nyingi inatosha.

*Naweza kuziba senda kwa silikoni ya kawaida?*
Usithubutu, kaka. Petroli inailainisha na vipande vinaishia kwenye pampu. Weka raba mpya.

*Naandaa gari kwa Concours d'Elegance, shindano la magari maridadi, pale Ngong Racecourse, Nairobi. Nataka stabilaiza ya elektroniki, ila majaji wasiione.*
Toa matumbo ya ile ya zamani, weka ndani yake 7810, chipu inayotoa volti 10. Fundi redio yeyote ataiunganisha. Mgongo wake wa chuma ndio ethi, kwa hiyo ubane vizuri kwenye bati la kiboksi.