Mpira usiwe chambo

Mimi ni fundi wa taa na betri za mitumbwi ya dagaa hapa Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza. Jioni ni kocha wa vijana wa mtaani, timu ya kanisa letu. Wenzangu wa makanisa mengine huniuliza waanzeje timu kama hii kwao. Huwa naanza kwa kuwasimulia nilivyoharibu.

Mwaka wa kwanza tulinunua mipira miwili tukaifungia kanisani. Anayetaka kucheza, sharti asikilize mahubiri kwanza. Mhubiri akashika kipaza sauti dakika 40, vijana wanalitazama jua linavyoshuka. Alipouliza nani anampokea Yesu, mikono yote ikapanda, hadi ya mtoto wa mwalimu wa madrasa. Tukaandika majina 30 kwenye daftari, tukapiga vigelegele. Miba ilipoitoboa ile mipira, tukabaki na daftari.

Wakristo tunaupenda mstari wa wavuvi wa watu. Sawa, lakini huku ziwani kila mtu anajua samaki wa ndoana anaishia wapi, na Petro mwenyewe alikuwa mtu wa nyavu. Ukiufanya mpira chambo, vijana watajua kabla yako. Cheza nao kwa sababu unawapenda na unaupenda mpira. Kama mpira huupendi, tafuta huduma nyingine.

Sasa ratiba. Usiipange kwa kalenda ya kanisa, itazame mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hawajikusanyi kwenye taa, mitumbwi inapumzika. Siku hizo ndizo za bonanza, maana hata wale wa mitumbwini wapo nchi kavu na wana usingizi wa kutosha. Siku za giza fanya mazoezi saa 10 jioni, wamalize mapema waingie ziwani. Ijumaa mchana waachie Waislamu swala yao. Jumamosi kabla jua halijazama ni Sabato, na Wasabato Kanda ya Ziwa si wachache. Mimi nimebaki na Jumanne, Alhamisi na Jumapili jioni.

Kabla ya kupuliza filimbi ya kwanza, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa wazazi, nyumba kwa nyumba. Sema wazi: hii ni timu ya kanisa, tutasali, tutasoma Biblia kidogo, asiyetaka atakaa pembeni na namba yake kikosini iko palepale. Ukilisema hilo, litimize. Yule wa madrasa alirudi, ni beki wangu wa kati hadi leo, na wakati wa Neno huwa anajaza upepo mipira. Pia wawe watu wazima wawili kila mazoezi, na usibaki na mtoto peke yako, hata kama ni wa mchungaji.

Vifaa havihitaji mfadhili. Mipira mitatu, filimbi, chupa zilizojazwa mchanga badala ya koni, ndoo ya maji yaliyochemshwa. Wasichana wapatie netiboli yao, wasiwe washangiliaji tu. Na mechi ikiisha usiruhusu watoto kujitosa ziwani kuoga: kichocho kipo.

Jambo litakalokusumbua kuliko yote ni ndumba. Kwenye ndondo, yaani mechi za mchangani, utakuta yai limefukiwa golini, au timu inaruka ukuta kwa sababu mlangoni "pameharibiwa". Vijana wako watakuomba uwaombee washinde, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukikubali, umekuwa mganga mwenye Biblia, na mkifungwa tatu bila, Mungu wako naye amefungwa. Sisi tunaita wapinzani tunashikana mikono katikati ya uwanja, tunaomba wasiumie wa pande zote mbili. Basi. Mara ya kwanza straika wangu alinuna kabisa: "Kocha, sasa tunaomba ya nini?" Swali hilo lilinipa mazungumzo ya mwezi mzima kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuandaa.

Kuhusu Neno lenyewe: si kabla ya mechi, wana kiherehere, si mapumziko, wanawaza kipindi cha pili. Ni siku ya mazoezi, wakinyoosha misuli, dakika 5 au 7. Mstari mmoja, kisa kimoja. Niliwahi kuwasimulia Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa kuwa mchujo ulikuwa Jumapili. Alishinda dhahabu ya mita 400, mwaka uliofuata akaenda China kuwa mmisionari, akafia huko mwaka 1945, katika kambi Wajapani walimomfungia. Kadogo kamoja kakanyoosha mkono: "Mbona wewe unatuchezesha Jumapili?" Sikuwa na jibu la haraka, nikasema nitalifikiria. Acha wakuulize namna hiyo.

Ila watakusoma zaidi pale refa anapokosea. Kuna mechi straika wangu alifunga kwa mkono, refa hakuona, nami nikanyamaza. Kesho yake mvuvi mmoja, mtu asiyekanyaga kanisani, akaniletea betri. "Kocha, lile goli la mkono ulilionaje?" Nilikuwa nimewafundisha maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali. Nikaenda kwa kocha mwenzangu kukiri, na Alhamisi nikawaambia vijana. Straika alikasirika tena.

Mikeka ya kubeti piga marufuku ndani ya timu, kuanzia na wewe.

Kijana akija mwenyewe kuulizia imani, usimwitie kipaza sauti. Kaa naye, mpe Agano Jipya, zungumza na wazazi wake, kisha mpeleke kanisa lililo karibu na kwao hata kama si lako. Kipa wetu alinijia hivyo. Kwao ni jirani na Wasabato, nikampeleka, akabatizwa huko. Ligi ya mtaa mwaka huu mechi nyingi ni Jumamosi mchana, na mimi natafuta kipa.