Kuku wakifa ghafla, yule wa kwanza usimtupe

Wafugaji wenzangu wa kuku wa kienyeji, kila kiangazi naona yaleyale, mtu anaamka asubuhi anakuta tetea wawili wamelala chali, mbio hadi duka la dawa za mifugo, anapewa unga wa kuchanganya kwenye maji, kesho wamekufa wanne, anabadilisha dawa, keshokutwa banda jeupe na hela imekwisha na mpaka leo hajui nini kilimuulia kuku. Na yule wa kwanza, ambaye ndo alikuwa na majibu yote tumboni mwake, alishatupwa jalalani kabla hata chai haijaiva.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, usimtupe. Vaa glavu, mtie kwenye mfuko usiovuja, umfunge vizuri, weka kwenye ndoo yenye mfuniko kivulini, ukipata barafu weka pembeni. Usimgandishe, maana nyama ikiganda inaharibika na maabara hawatasoma vizuri. Joto letu hili kuku aliyekufa saa nane usiku, mchana wake ameshaoza, kila kitu ndani kimekuwa kijani hata ukimpasua huoni la maana.

Chukua daftari, au simu, andika wamekufa wangapi, saa ngapi, wakubwa au vifaranga, wamelala wapi, jana walikula nini, kuna kuku mgeni ameingia wiki mbili hizi au la. Kuku mgeni wa mnadani uliyemleta nyumbani huyo mwandike kwa herufi kubwa, mdondo, wengine wanaita kideri, mara nyingi huingia naye. Unaona haya ni mambo madogo lakini afisa mifugo akija ndo maswali ya kwanza atakayokuuliza.

Halafu angalia jinsi vifo vinavyokwenda. Ugonjwa wa kuambukiza kawaida unapanda ngazi, leo mmoja, kesho watatu, keshokutwa kumi. Sumu inapiga wengi kwa mpigo afu inakata. Kama wanaokufa ni vifaranga tu wa wiki tatu mpaka nane na kinyesi kina damu, fikiria koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo. Kama ni wakubwa, wanene, jana jioni walikula vizuri na asubuhi wamekufa na upanga wa kichwani umekuwa zambarau, kipindupindu cha kuku kinaingia kwenye orodha. Mdondo unakumba umri wote, kinyesi cha kijani, wanakoroma, mbawa zimeshuka, shingo inapinda, na banda lisilo na chanjo linaweza kuisha karibu lote. Na bata muangalie sana, kwa mdondo mara nyingi bata yupo tu anatembea hana habari, sasa ukiona na bata wanakufa hapo fikiria kipindupindu, sumu au mafua ya ndege.

Mshike huyo marehemu. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari, ukiwa umechongoka kama kisu ujue huyu alikuwa anaumwa siku nyingi wewe hukumuona, ukikuta nyama imejaa basi kifo kilikuja haraka. Fungua manyoya chini ya mbawa na kwenye njia ya haja utafute utitiri. Shingo imetafunwa au kichwa hakipo, hiyo ni kazi ya kicheche au mnyama mwingine wa usiku, tafuta tundu kwenye ukuta.

Kumpasua sasa. Hapa naomba mnisikilize, kama wamekufa wengi ndani ya siku moja, vichwa vimevimba, miguu ina madoa ya damu chini ya ngozi, au na ndege wa porini wanaanguka, USIPASUE. Mafua makali ya ndege yanampata na binadamu. Funga banda, mpigie afisa mifugo wa kata, subiri. Kama dalili hizo hazipo na huna namna ya kufika maabara, glavu, barakoa, mloweshe manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, watoto na wajawazito wakae mbali kabisa, na kisu hicho kisirudi jikoni.

Anza na gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, watu wengi wanaliruka. Mwaka juzi mwezi wa tatu nilipoteza saba kabla ya adhuhuri, majirani wote wakasema mdondo huo, na mimi nilikuwa nimechanja. Nikampasua mmoja, gole lilikuwa gumu kama ngumi, nikalichana zikamwagika punje za mahindi za rangi ya waridi, rangi imeshika mpaka kwenye ngozi ya ndani, na harufu ya dawa kali. Mbegu za kupanda zile, zimepakwa dawa ya wadudu, shamba la jirani lilikuwa limepandwa jana yake na zilizomwagika mwisho wa mistari hazikufukiwa. Nikawafungia ndani mpaka mahindi yalipoota, na vifo vikakata siku ileile. Ningemwaga antibayotiki kwenye maji kuku wangeendelea kwenda kula kulekule.

Ukitoka kwenye gole fuata kale katumbo kadogo laini kanakotangulia firigisi, kachane, madoadoa ya damu ukutani ni dalili ya mdondo. Ini likiwa na vidoa vyeupe vidogovidogo kama chenga za unga, kipindupindu, ini lililovimba lenye rangi kama shaba ni homa ya matumbo. Vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vikijaa damu kwa kifaranga ni koksidia. Damu iliyovilia kwenye misuli ya mapaja, kwa kuku wa wiki tatu hadi sita, fikiria gamboro, ugonjwa wa virusi wa kuku wadogo. Piga picha kila kitu. Ila hizi ni dalili tu, zinafanana, wa kusema neno la mwisho ni maabara. Kwa Tanzania kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao makuu yapo Temeke, Dar es Salaam, na vituo vipo mikoani, na Morogoro kuna SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Peleka mzoga wa baridi usiozidi siku moja, na ukiweza peleka na mgonjwa aliye hai.

Wakati unasubiri majibu usiuze hata mmoja, najua inauma, lakini wa kwako ukimpeleka mnadani umepeleka msiba kwenye mabanda ya watu kumi. Waliokufa hawaliwi, mbwa hawapewi, chimba shimo refu, mwaga chokaa, fukia. Mdondo hauna dawa ya kutibu, una chanjo tu, ile ya tone la jicho inayotengenezwa hapa nchini, tone moja kila kuku mkubwa kwa mdogo, unarudia kila miezi mitatu, na uwahi kabla kiangazi hakijakolea maana ukichanja waliokwisha kuugua hawaponi.

Banda likishasafishwa na kupigwa dawa liache tupu wiki kadhaa jua liingie, afu rudisha kuku wawili watatu waliochanjwa kwanza, waangalie nusu mwezi ndo ulete wengine.