Unataka kunyoa fupi? Usimwambie kinyozi "kidogo"

Hii ni kwa wadada wenzangu mnaotaka kuachana na dawa na rasta mkanyoa fupi, ila makaka nao wasome tu, maana kosa ni lile lile.

Mimi nilinyoa mwezi wa sita, na wa Mbeya mnaijua baridi ya mwezi wa sita. Nywele zilikuwa zimechoka, kingo za mbele zimeliwa na rasta, nikaingia saluni moja ya kiume Mwanjelwa, siitaji. Kinyozi akauliza "tunafanyaje dada?" nikamjibu "nyoa kidogo tu kaka". Mi nilimaanisha punguza kidogo, yeye akasikia acha kidogo. Akapitisha mashine mara moja tu, kuanzia kwenye paji mpaka utosini, barabara ikatokea nyeupeee kama inaenda Tunduma. Hapo unafanyaje sasa? Ikabidi zote ziende, na mwezi mzima nimelala na kofia ya sufu.

Kaka wa watu hakukosea. Kiswahili chetu ndo kilichotuponza, maana "kidogo" inaweza kuwa zinazokatwa na inaweza kuwa zinazobaki. Kwa hiyo siku hizi mi nasema zinazobaki tu, basi. "Juu ziache urefu huu", na namwonesha kwa kidole, pingili moja, nusu pingili, urefu wa kucha. Kidole hakina lugha mbili.

Halafu kuna namba. Vile vitana vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine vina namba, mara nyingi 1 inaacha nywele za kama milimita 3, 2 inaacha 6, 3 kama 10 na 4 kama 13. Bila kitana ni karibu na upara, hiyo wala usiitaje kama huimaanishi. Ila usiishie kwenye namba peke yake, mashine zinatofautiana na vitana vingine vimeshang'oka meno, unasema 2 unapata makorongo. We mwambie "anza na 4 kwanza, tuangalie, tukiona bado tunashuka 3". Kushuka kunawezekana dakika hiyo hiyo, ila kupanda ni kusubiri, na nywele zinaota kama sentimita 1 hivi kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe.

Sasa kabla hata hujatoka nyumbani, funga nywele zote nyuma kwa kitambaa, simama mbele ya kioo mchana wenye mwanga, ujitazame bila kujionea huruma. Uso wa duara unapendeza pembeni zikiwa chini na juu zimebaki, unarefuka kidogo. Kama uso tayari ni mrefu usijaze juu, utakuwa kama mnara, acha pembeni pawe na nyama. Wenye komwe (mimi mmojawapo, nimerithi kwa bibi) tunaacha nywele za mbele zije juu ya paji kidogo, na tunamkataza kinyozi kurudisha laini (ule mstari wa nywele za mbele) nyuma. Hili nalisisitiza maana vinyozi wanapenda sana kuchonga mbele ili ionekane kali, kila ukienda anakula milimita mbili, baada ya miezi sita komwe limekuwa uwanja.

Nyuma ndo watu wanasahau, kwa sababu hujioni. Pitisha kiganja kisogoni. Kama kichogo kimetoka, usikubali pale chini yake pasafishwe mpaka ngozi, kitazidi kuonekana, acha nywele kidogo zijaze lile bonde. Kama ni bapa fanya kinyume, nyuma juu ziachwe ndefu zaidi ili kichwa kipate umbo. Na kama utotoni ulikuwa na mapunye yakaacha makovu, au kuna alama ya kuanguka, mwambie kinyozi mapema na umshikishe mahali penyewe. Hamna aibu hapo, yeye kashaona vichwa vya kila aina.

Picha inasaidia, lakini beba ya mtu mwenye nywele kama zako. Ukipeleka ile ya Lupita Nyong'o ya 2014 alivyochukua Oscar, sema ni nini unachotaka kutoka kwenye ile picha, ni pembeni zilivyo chini au ni juu zilivyobaki, maana kinyozi anaangalia laini na we unaangalia uso wa Lupita, na uso haukatwi kwa mashine jamani.

Siku ya kwenda chagua katikati ya wiki asubuhi. Jumamosi jioni watu wanajiandaa na kanisa, benchi limejaa, atakunyoa huku anahesabu waliobaki. Nenda nywele ni kavu na zimechanwa, kwa sababu zetu zikilowa zinajikunja, anakata akidhani ni fupi kumbe zimejificha. Wenye dawa tu ndo walowanishe kwanza nyumbani, zile zilizoota zitajikunja na zile za dawa zitanyooka, unaona kabisa mpaka ulipo. Za dawa zikatwe kwa mkasi, zikauke, mashine ndo ifuate.

Ukikaa kwenye kiti ongea kabla mashine haijawashwa. Mi mazungumzo yangu yanakuwa hivi:

"Kaka shikamoo, leo sina haraka."
"Marahaba dada, tunatoa zote?"
"Hapana, juu zibaki pingili moja, pembeni namba 2, nyuma usipandishe zaidi ya hapa. Hebu nirudishie, umesikiaje?"

Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Akirudia kwa mdomo wake mwenyewe utajua kama mko pamoja. Akisema "usijali dada, najua" bila kurudia, hapo jali. Na akianza, tazama mpito wa kwanza, ukiona sivyo mwambie "kaka zima kwanza". Sisi wa huku tuna heshima zimezidi, mtu ananyolewa ovyo anasema "ipo poa kaka, ndaga" (asante ya Kinyakyusa), analipa, analia kwenye bajaji. Muombe na kioo cha nyuma kabla hajakupangusa.

Vifaa pia ni haki yako kuuliza. Mapunye ni fangasi, yanahama na vitana na mashine, kwa hiyo mwombe asafishe kwa spiriti ukiwa unaona. Wembe wa kuchonga laini nunua mwenyewe uende nao umefungwa, ni hela ndogo sana. Kama unatokaga vipele kisogoni, kataa wembe kabisa nyuma, mashine inatosha, nywele zetu zikikatwa karibu mno na ngozi zinajikunja zikarudi ndani na ndo vile vipele vigumu vinaanza. Na rangi usipake siku hiyo hiyo wembe umepita, utaungua. Nyeusi ndo watu wanaiamini sana ila ina watu inawakataa, jaribu tone nyuma ya sikio siku mbili kabla.

Mafuta: ya nazi ni mazuri ila kwa baridi ya Uyole yanaganda kwenye chupa kama mshumaa, tumbukiza chupa kwenye maji ya moto kwanza. Ya parachichi hayana shida hiyo, na huku kwetu parachichi ndo nyumbani kwake. Paka kidogo tu (ndiyo, hapa kidogo ni kidogo kweli), funika kichwa usiku.

Mkishapatana na kinyozi andika kwenye simu siku hiyo hiyo. Yangu imekaa hivi: "juu pingili, pembeni 2, nyuma usipandishe, mbele usirudishe". Wiki iliyopita nimeenda nikakuta kinyozi wangu kasafiri kwao Kyela, kamwachia kijana mgeni, nikamsomea kwenye simu neno kwa neno, akacheka, akanirudishia yote manne, ndo akawasha mashine.